Rejista ya Saa Nne

Kila siku, saa nne kamili asubuhi, katika nyumba moja ya matofali mekundu huko Plano, kando ya Dallas, bibi wa Kijerumani mwenye miaka tisini na mitatu alikuwa akiketi wima mezani, anavaa miwani, anafungua daftari la jalada jeusi, na kuita majina ya watoto wa Umatengo, kule Mbinga, waliokufa zamani. Akiita jina, ananyamaza pumzi mbili. Kisha anashusha kidole mstari wa chini, anaita jingine. Majina arobaini na matatu. Akimaliza anafunga daftari, anaomba chai.

Bertila Kapinga, aliyekuwa akimwogesha bibi huyo, kumlisha na kumpa dawa, aliyasikia majina hayo wiki tatu nzima asiyatambue, kwa jinsi yalivyokuwa yakikwaruzwa na ulimi wa Kijerumani. Wiki ya nne sikio lilifunguka. Akajifungia bafuni, akafungulia bomba ili asisikike, akampigia kaka yake.

"Kaka, huyu bibi anaita watu wa kwetu."

"Watu gani?"

"Nkondola. Kumburu. Turuka. Na kuna Mbepera."

Gelasius alikuwa ghalani Fort Worth, juu ya folklifti, na mzigo wa majokofu ukiwa hewani. Akaushusha taratibu, akazima mashine. Nyuma yake wenzake wakaanza kupiga honi.

"Rudia hilo la mwisho."

"Mbepera. Namba thelathini na moja. Na kabatini kuna boksi la kofia, lile la mviringo. Nilimuuliza la nini. Akaniambia, huyo ndiye namba thelathini na moja, hajawahi kukosa shule hata siku moja."

"Umelifungua?"

Bertila akalifungulia bomba zaidi. "Nimelifungua, Kaka. Ni kichwa cha mtoto."

Gelasius aliishia darasa la saba. Mengine yote aliyapora mwenyewe, gazeti kwa gazeti, kamusi kwa kamusi, kwenye taa za watu wengine. Kule Mbinga, ujanani, aliwahi kusimamisha kazi siku tisa katika shamba la kahawa. Na hapa mtaani Vickery Meadow, Dallas, joto lilipofika nyuzi arobaini na viyoyozi vya jengo vikafa, ndiye aliyewatoa wapangaji wa lugha kumi na moja nje na mabango ya maboksi aliyoyabeba kutoka ghalani. Watu walimwita Mzee wa Mabango. Alikuwa na kinywa kichafu na kumbukumbu ndefu. Na katika kumbukumbu hiyo jina la Mbepera lilikuwa limekaa tangu ana miaka tisa, alipolisikia kwa babu yake, Method.

Babu Method alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wote nyumbani: ukimwita jina, haitiki. Unaweza kuita mpaka koo likauke. Ilibidi umfuate, umguse bega, ndipo akugeukie. Watoto walidhani ni kiziwi. Siku moja Gelasius alimuuliza, na mzee akamweleza, mara moja tu, wala hakurudia mpaka anakufa.

Alisema hivi. Wakati wa Wajerumani alikuwa na kaka, Mbepera, na wote wawili walipelekwa shule ya serikali bomani. Mwalimu wao aliitwa Bwana Daktari. Huyo hakuwafundisha kulima wala kupima. Aliwakaririsha maneno ya kaburini ya Warumi, kwa lugha ambayo hata Wajerumani wenzake hawakuijua: simama kidogo, mpita njia, usome. Mbepera alikosea mara tatu. Alipigwa viboko ishirini na vitano, siku ya tatu akafa, akazikwa nyuma ya nyumba ya mama yake. Sasa, mtoto akikosa shule, kwa sababu yoyote ile, baba yake alikamatwa akavunje mawe ya barabara. Kwa hiyo kesho yake Bwana Daktari alipoita "Mbepera," mdogo wake akabadilisha sauti kidogo, akaitika, "Nipo." Hilo watoto wa shule wamelifanya tangu shule zianze, kumwitikia mwenzako asiyekuwepo ili asipate taabu. Akamwitikia siku kumi na saba.

Siku ya kumi na nane Bwana Daktari aligundua. Hakumpiga. Alitabasamu, akauliza, "Yuko wapi?" Kisha akaenda na askari wawili wenye majembe. Asubuhi iliyofuata kichwa cha Mbepera kilikuwa kwenye rafu juu ya ubao. "Sasa," Bwana Daktari akasema, "rejista haisemi uongo." Na kila alipoita namba thelathini na moja, alimwangalia yule mdogo mpaka aitike. Mpaka mwisho wa mwaka.

Kaburi lilibaki limefukuliwa. Wazee wakafanya kama inavyofanywa mtu anapopotelea asikojulikana: wakakata kipande cha mgomba, wakakizungushia nguo, wakakizika badala yake. Mpaka leo liko pale, kaburi la mgomba, na kila mwaka linapaliliwa.

Hiyo ya Bwana Daktari ndiyo kazi ambayo wenye vitabu vyao wanaiita usomi. Sawa. Tuiite hivyo, tuendelee.

Jumamosi Gelasius alikwenda Plano, amechomekea shati. Bertila alimtambulisha kama kaka yake, dereva mzuri, mwenye Kiswahili safi. Bibi Hannelore alimtazama kwa macho ya buluu yaliyofifia kama shati lililofuliwa sana.

"Unasoma bila miwani?" akauliza kwa Kiingereza.

"Nasoma."

"Vizuri. Keti. Si hapo."

Viti vya mezani vilikuwa sita. Alimwonyesha kile cha pembeni, kilichoegemea ukuta.

Mbele yake akaweka kijitabu cha kurasa nne, chenye picha ya mwanamume mwenye kola ngumu. Maisha na Kazi ya Dk. Ottokar Brehme. Gelasius hakujua Kijerumani, ila bibi alimsomea akimtafsiria, bila haraka, kama mtu anayesali. Alizaliwa mtoto wa mhunzi wa kengele. Alipata udaktari kwa kitabu kuhusu maandishi ya makaburi ya Kirumi. Alifundisha Kilatini na Kigiriki miaka kumi na mmoja katika shule ya wavulana, akaondoka pale kwa heshima. Alihariri matoleo mawili ya maandishi yaleyale, yakasifiwa. Alitunukiwa nishani, akastaafu, akafa kitandani mwake mwaka elfu moja mia tisa arobaini na moja. Shule yake ya zamani ilimwekea kibao cha shaba.

"Na Afrika?" Gelasius akauliza.

Bibi akatafuta kwa kidole. "Hapa. 'Alifundisha pia ng'ambo kwa miaka sita.'"

"Basi?"

"Basi."

Mstari mmoja. Gelasius akaikalia mikono yake. Alikuja kutafuta boksi, hakuja kugombana na kikongwe.

"Kwa nini unaita majina?"

Bibi Hannelore akavua miwani. "Huyu ni babu yangu, na alifundisha jambo moja maisha yake yote. Maiti hana mdomo. Anayesoma kaburi kwa sauti anamwazima wake. Kwa hiyo lazima awepo wa kusoma. Alipostaafu aliita rejista hii kila siku, mezani kwetu, kwenye viti vitupu. Alipokufa akaita mama. Kisha mimi."

"Usipoita?"

"Mwaka sitini na mbili nilikwenda kujifungua. Siku nne. Mume wangu alibaki peke yake humu, mtu wa visima vya mafuta, hakuamini chochote. Niliporudi, viti vyote vilikuwa vimepangwa safu, vimeutazama ule ukuta. Akaapa hakuvigusa. Juu ya kila kiti kulikuwa na vumbi jekundu." Akapima kwa kiganja. "Alama ndogo. Kama ya mtoto aliyekaa."

Jikoni, Bertila aliacha kuosha vyombo.

Bibi akaeleza anachotaka. Daktari wake amempa wiki chache. Jumba moja la kumbukumbu huko Houston limekubali kupokea karatasi za babu yake, daftari, na boksi. Siku ya kukabidhi ni Ijumaa, saa nane mchana. Hataki vipelekwe kwa posta, kwa sababu saa nne itavikuta njiani bila wa kuita, na saa nne lazima majina yaitwe. "Wewe utaita vizuri kuliko mimi," akasema. "Wewe unajua yanavyotamkwa."

"Bibi," Gelasius akasema, "namba thelathini na moja ni kaka wa babu yangu. Nipe nimrudishe kwao."

Bibi hakushtuka. Alimpapasa mkono, na kidole chake kilikuwa cha baridi.

"Yumo kwenye rejista," akasema. "Aliyemo kwenye rejista hawezi kuondoka."

Gelasius hakuwa mtu wa kungoja. Aliliandikia jumba la Houston barua yenye jina, mwaka na kijiji. Jibu lilikuja siku ya tatu, lenye adabu kama leso iliyopigwa pasi: kitu hicho kitapokewa, kitapewa namba, na baada ya kuorodheshwa familia zinaweza kuwasilisha ombi kwa kamati, wakati mwingine huchukua miaka.

"Kitu," akasema Gelasius mezani kwake Vickery Meadow. "Umesikia, Bertila? Kitu. Tena watampa namba nyingine. Hiyo aliyonayo haiwatoshi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Ijumaa hafiki Houston. Yaani, anafika, ila haingii mikononi mwao."

"Kaka, mimi nitapoteza kazi. Wataniita mwizi."

"Nani aliiba? Niambie, mdogo wangu. Nani aliiba?"

Bertila akamenya ndizi, akaitazama. "Wakifungua boksi wakakuta halina kitu?"

"Wataona kitu," Gelasius akasema, naye akiitazama ndizi ile.

Ijumaa waliondoka saa moja asubuhi, Bertila mbele karibu na kaka yake, daftari mapajani mwake, boksi la kofia peke yake kiti cha nyuma. Barabara ya kwenda Houston imenyooka, haina la kusimulia: misonobari, mabango ya mawakili, malori. Saa nne kasorobo walikuwa karibu na Huntsville. Gelasius akakata kona, akaegesha mbali na magari mengine kwenye kituo cha kupumzikia, kwenye jua kali. Akazima injini. Joto likaingia papo hapo.

"Nikwambie kitu," Bertila akasema. "Mama alitufundisha. Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Chochote utakachosikia, Kaka, usiitike."

"Mimi ndiye ninayeita. Nitaitikaje?"

"Nimekwambia tu."

Saa nne. Gelasius akalichukua daftari, akalifungua. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kalamu ya chuma, kila jina na safu yake ya vijistari vya wino mwekundu, kistari kimoja kwa kila siku mtoto aliyohudhuria. Akaanza. Nkondola. Pumzi mbili. Kumburu. Pumzi mbili. Alidhani atajisikia mjinga. Hakujisikia. Alipofika jina la kumi gari lilikuwa limeanza kunuka chokaa mbichi, na jasho la watoto wengi katika chumba kidogo. Ishirini na moja, Turuka: babu yake Method kabla ya ubatizo. Akaendelea. Bertila alikuwa ameshika rozari, midomo haichezi.

"Mbepera."

Kimya. Ila hakikuwa kimya cha mahali patupu. Kilikuwa cha mtoto aliyesimama, aliyejaza pumzi kifuani, na hajui kuitika, kwa sababu tangu afe hajawahi kuitika mwenyewe. Kila siku mtu mwingine alimwitikia. Pumzi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Gelasius alihisi nyuma ya shingo yake mtu akimsubiri, bila lawama, kama mtoto anavyomsubiri mwenzake amfichie. Akaiona mikono midogo ya babu yake kwenye dawati. Akauona uso wa yule mwenye kola ngumu, anamwangalia, anatabasamu.

Mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Nipo," akasema, na sauti haikuwa yake kamili. Ilikuwa imebadilishwa kidogo.

"Kaka!" Bertila akapiga kelele.

Kwenye dashibodi taa nyekundu ikawaka, kengele ikaanza kulia, ting, ting, ting. Abiria wa kiti cha nyuma hajafunga mkanda. Injini ilikuwa imezimwa. Boksi lile halikuwa na uzito hata wa kikapu cha mayai, na kutoka Plano mpaka hapo, saa tatu, taa hiyo haikuwaka hata mara moja.

Hakuna aliyegeuka. Kengele ililia. Hatimaye Bertila, bila kutazama nyuma, akanyoosha mkono, akauvuta mkanda, akaupitisha juu ya boksi, akaufunga.

"Tulia, baba," akasema kwa Kimatengo. "Tunakwenda nyumbani."

Kengele ikanyamaza. Gelasius akamaliza majina kumi na mawili yaliyobaki, shati likiwa limemgandia mgongoni. Kisha akachukua kalamu ya Bertila na mbele ya namba thelathini na moja, mwisho wa vijistari vyake, akaandika: Hayupo.

Houston walipitia kwanza kwa Zéphyrin, Mkongo aliyefanya kazi na Gelasius ghalani kabla ya kuhamia huko. Nyuma ya nyumba yake ya kupanga kulikuwa na migomba mitano.

"Weee, mutoto ya mama!" Zéphyrin akamkumbatia. "Sura yako iko kama ya mutu ametoka hôpital. Kuya kula kwanza."

"Ndugu yangu, nataka unikatie mgomba."

"Mugomba? Ya kufanya nini? Hapa hatuna mbuzi. Hii migomba yangu, ile baridi kubwa iliiua yote, nikaililia, halafu ikafufuka. Sasa wewe unakuya na kisu."

"Ya kuzika."

Zéphyrin akamtazama, akamtazama na Bertila, akaona macho yake. Utani ukamtoka. Akaingia ndani, akarudi na panga, wala hakuuliza tena. Alikata kipande cha shina, akakichonga mviringo kwa ustadi wa mtu aliyewahi kulazimika kufanya hivyo. Kule kwao pia wako waliozikwa kwa mgomba. Bertila akakiviringisha kwenye kitambaa cheusi cha Daktari Brehme, kile kilichokuwa kimemfunika Mbepera ndani ya boksi. Mbepera akamviringisha kwenye kanga yake.

Kwenye jumba la kumbukumbu walipokewa na msichana mwenye glavu za zambarau na sauti ya chini, kama ya kanisani. Alilinyanyua boksi kwa mikono miwili. Akafungua kifuniko, akaona kitambaa cheusi kilichozunguka kitu cha mviringo. Gelasius akazitazama glavu zile.

"Mabaki ya binadamu huwa hatuyafunui," msichana akasema. "Ni utaratibu wetu. Kwa heshima."

"Heshima ni jambo zuri sana," Gelasius akasema.

Akamwambia pia, maana alikuwa amemwahidi bibi, kwamba rejista inapaswa kusomwa kwa sauti kila siku saa nne asubuhi. Msichana akatabasamu, akaandika kwenye karatasi yake, akamgeuzia fomu. Jina la anayekabidhi. Gelasius akaandika jina lake kamili, kwa mwandiko wake mzuri wa kujifundisha, akaiona fomu ile ikiwekwa ndani ya daftari jeusi, na daftari likifungwa.

Bibi Hannelore alifariki wiki ya pili yake, asubuhi, miwani ikiwa usoni. Desemba Bertila akaenda nyumbani, na Mbepera ndani ya sanduku lake, katikati ya nguo za watoto. Hakuna afisa wa forodha aliyelifungua, si Dallas, si Dar es Salaam. Siku ya maziko alimpigia kaka yake simu, akamwinulia ili asikie nyimbo. Walifukua kaburi, akasema, na mgomba ulikuwa umekwisha kabisa, umebaki udongo mweusi wa kushika mkononi. Wamemlaza hapo. Mvua imenyesha.

Gelasius alilia hapo hapo ghalani, katikati ya majokofu, bila aibu. Miaka mia na zaidi. Wamemtoa kwenye daftari lao.

Kesho yake, siku yake ya mapumziko, alikuwa peke yake Vickery Meadow, anachemsha maharage. Saa ya simu ilisema nne kamili. Na Bertila akaita kutoka chumbani.

"Kaka! Kaka Gelasius!"

Aligeuka, mdomo umeshafunguka kuitika. Ndipo akakumbuka Bertila yuko Umatengo.

Akaufunga mdomo. Chumbani pakawa kimya, pumzi mbili. Kisha sauti ikaita tena, na safari hii haikujisumbua kuwa ya Bertila. Ilikuwa kavu, ya mwalimu, inayokwaruza. "Kapinga. Gelasius." Pumzi mbili.

Akasimama kwenye jiko, ameuma midomo, mpaka saa nne na robo. Alipokwenda mezani, viti vinne vilikuwa vimepangwa safu, vimeutazama ukuta. Vitatu vilikuwa na vumbi jekundu. Cha nne kilikuwa kisafi, kimevutwa nyuma kidogo, kama anavyovutiwa kiti mtu anayekaribishwa.

Tangu siku hiyo ukimwita Gelasius haitiki. Ghalani wameshampa onyo mara mbili. Wapangaji wanasema mzee amezeeka, masikio yamekwenda. Bertila aliporudi hakuuliza kitu; aliviona viti, akaelewa, na sasa akimtaka kaka yake anamfuata, anamgusa bega.

Lakini mtu huyu hakuzoea kutoka kwenye mkutano bila kusema lake, hata pale ambapo kusema kumekatazwa. Asubuhi moja, kabla ya saa nne, alichukua boksi la jokofu, akalikata kwa kisu, akaandika kwa herufi kubwa nyeusi kama alizowaandikia wenye mashamba na wenye majengo: HAYUPO. Akalisimamisha bango lile juu ya kiti kisafi. Akarudi jikoni, akafunga mdomo, akasikia jina lake likiitwa mara moja, na kimya kirefu kuliko siku zote.

Alipokwenda kutazama, bango lilikuwa pale pale, halijaanguka. Kando ya neno lake kulikuwa na kistari kimoja cha wino mwekundu, mbichi, cha kalamu ya chuma. Kile anachowekewa mtoto aliyehudhuria.

Gelasius alikitazama muda mrefu. Kisha akaenda nje kwenye maboksi, akachagua kubwa zaidi.